Mashine rahisi hupunguza kani, hazipunguzi kazi

GUNIA la mahindi lenye kilo 100 likiwa limewekwa kando ya lori, na sakafu ya lori hilo ikiwa mita 1.2 kutoka ardhini, kuna njia mbili za kulipakia. Njia ya kwanza ni watu kulinyanyua kwa mikono na kumtwisha mwenzao, ambaye hulipandisha kwa mgongo wake. Njia ya pili ni kuegemeza ubao mrefu kwenye lori na kulisukuma gunia mpaka lifike juu.

Gunia ni lile lile, lori ni lile lile na kimo ni kile kile. Kinachobadilika ni ukubwa wa kani inayotakiwa na urefu wa safari ya mzigo. Ubao huo, ambao katika masoko mengi hutumika kama benchi la kukalia wakati wa kusubiri wateja, ni mashine kamili kwa maana ya kisayansi.

Wataalamu wa fizikia huhesabu mashine rahisi kuwa sita: nyenzo, roda, gurudumu na ekseli yake, mteremko, kabari na parafujo. Mashine nyingine zote zenye sehemu zinazosogea, kuanzia cherehani na baiskeli hadi winchi za bandarini, zimejengwa kwa kuunganisha baadhi ya hizo sita.

Kani, kazi na uzito

Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hubeba mizigo mingi kuliko uwezo wake. Mtu husema ana nguvu, gari lina nguvu, na hata dawa ina nguvu. Fizikia hulazimika kutenganisha. Kani ni msukumo au mvuto unaoweza kubadili mwendo au umbo la kitu. Kazi hufanyika pale tu kani inapokisogeza kitu kuelekea upande wa kani hiyo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi hiyo.

Kwa mantiki hiyo, mtu anayesukuma ukuta tangu asubuhi hadi jioni bila ukuta huo kusogea hajafanya kazi yoyote juu ya ukuta, ingawa jasho linamtoka na misuli yake imetumia chakula chote alichokula. Wanafunzi wengi hulipinga jambo hili wanapolisikia kwa mara ya kwanza, na upinzani wao una msingi, kwa sababu mwili huchoka hata kwa kushikilia tu. Lakini uchovu ni jambo la misuli. Kazi ni zao la kani na umbali.

Kilo, kwa upande wake, hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni kani ambayo dunia huvuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687. Kila kilo 1 huvutwa kwa kani ya nyutoni 9.8, ambayo vitabu vya shule huikadiria kuwa 10. Gunia la kilo 100 basi lina uzito wa takribani nyutoni 1,000.

Kulipandisha gunia hilo mita 1.2 ni kazi ya jouli 1,200. Hakuna ujanja wowote duniani unaoweza kuipunguza hesabu hiyo. Ubao wa urefu wa mita 3.6, ambao ni mara tatu ya kimo cha lori, hupunguza kani hadi theluthi moja, yaani nyutoni 333 hivi. Lakini gunia sasa linasafiri mita 3.6 badala ya mita 1.2. Nyutoni 333 zikizidishwa kwa mita 3.6 jibu linarudi pale pale: jouli 1,200.

Hiyo ndiyo kanuni inayotawala mashine zote sita. Kinachookolewa katika kani hulipwa katika umbali. Mashine ni kama mkopeshaji anayekubali deni kubwa lilipwe kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hasamehi hata senti, na kama itakavyoonekana, huongeza riba.

Kanuni hiyo haikueleweka kwa siku moja. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, alithibitisha kwa hesabu jinsi nyenzo inavyosawazika. Hero wa Alexandria nchini Misri, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliorodhesha mashine tano na kueleza matumizi yake katika kunyanyua mizigo. Maandishi yake hayo ya makanika yalinusurika kwa ukamilifu kupitia tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa na Qusta ibn Luqa katika karne ya tisa. Mteremko haukuwamo katika orodha ya Hero. Uliongezwa na wanazuoni wa Ulaya karne nyingi baadaye, na Simon Stevin wa Flanders ndiye aliyeeleza vizuri usawa wa mizigo juu yake mwaka 1586.

Mwitaliano Galileo Galilei, karibu na mwaka 1600, aliandika kwa uwazi kwamba mafundi wanaodhani wanaweza kuidanganya asili kwa kutumia mashine wanajidanganya wenyewe. Mashine, kwa maelezo yake, haitengenezi kazi. Huibadili sura tu.

Nyenzo na madaraja yake matatu

Katika lugha ya maofisini neno "nyenzo" limekuwa na maana ya vifaa na fedha kwa jumla, kiasi kwamba "uhaba wa nyenzo" ni kilio kinachosikika katika karibu kila taarifa ya utekelezaji. Katika fizikia nyenzo ni ufito mgumu unaozunguka juu ya sehemu moja isiyosogea, iitwayo egemeo. Upande mmoja kuna mzigo, na mahali pengine kuna jitihada, yaani kani anayoitoa mtumiaji.

Umbali kutoka egemeo hadi jitihada huitwa mkono wa jitihada, na ule wa kutoka egemeo hadi mzigo huitwa mkono wa mzigo. Nyenzo husawazika pale jitihada ikizidishwa kwa mkono wake inapolingana na mzigo ukizidishwa kwa mkono wake. Zao hilo la kani na umbali huitwa momenti.

Mfano wa wazi ni mtaimbo wa mchimba mawe. Mtaimbo wa mita 1.5 ukiwekewa jiwe dogo kama egemeo, sentimita 15 tu kutoka ncha iliyoingizwa chini ya mwamba, mkono wa jitihada unakuwa sentimita 135, ambao ni mara tisa ya mkono wa mzigo. Mtu mmoja akiukandamiza kwa kani ya nyutoni 400, ambayo ni chini ya uzito wa mtu mzima wa kawaida, huinua upande wa mwamba unaolemea ncha hiyo kwa nyutoni 3,600. Malipo yake ni haya: ili mwamba uinuke sentimita 5, mkono wa mchimbaji lazima ushuke sentimita 45.

Nyenzo ya aina hiyo, yenye egemeo katikati, ni ya daraja la kwanza. Mkasi, mizani ya sokoni na pembea ya watoto vimo katika kundi hilo.

Daraja la pili lina mzigo katikati, huku egemeo na jitihada vikiwa kwenye ncha. Kifungulio cha soda ni mfano mmoja, lakini mfano wenye manufaa zaidi ni toroli la fundi ujenzi. Egemeo lake ni gurudumu la mbele, na jitihada iko kwenye mipini. Toroli lenye mchanga wa kilo 60, kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 50 kutoka kwenye gurudumu na mipini ikiwa sentimita 150, hudai nyutoni 200 tu kutoka mikononi mwa mbebaji. Mchanga huo ukisogezwa nyuma hadi sentimita 75, kani inapanda hadi nyutoni 300. Ndiyo maana vibarua wenye uzoefu hurundika mzigo upande wa gurudumu, ingawa ukisogezwa mbele mno toroli huelekea kupinduka kwenye shimo la kwanza.

Daraja la tatu ndilo la ajabu. Jitihada iko katikati, karibu na egemeo kuliko mzigo, hivyo mtumiaji hutoa kani kubwa kuliko uzito anaoushinda. Ufagio na ndoana ya mvuvi wa fimbo ni vya daraja hilo. Anayezitumia anapoteza kani lakini anapata mwendo: mkono unasogea kidogo, ncha inasafiri mbali na kwa kasi.

Viungo vingi vya mwili wa binadamu vimeumbwa kwa daraja hilo la tatu. Msuli wa mbele wa mkono wa juu umeshikamana na mfupa wa kigasha takribani sentimita 5 kutoka kwenye kiwiko, wakati kiganja kipo mbali, kama sentimita 35. Mtu akishika ndoo ya kilo 10 huku kigasha kikiwa kimelala sawa, msuli huo hulazimika kuvuta kwa kani ya nyutoni 700, sawa na uzito wa kilo 70. Mwili umechagua wepesi wa kurusha na kukwepa badala ya uwezo wa kubeba. Uamuzi huo una faida nyingi, lakini kwa mchukuzi una gharama.

Roda na kapi

Roda ni gurudumu lenye mfuo wa kupitishia kamba. Roda moja iliyofungwa juu, kama ile ya mlingoti wa bendera shuleni au ya kisima cha kijiji, haipunguzi kani hata kidogo. Ndoo ya kilo 20 bado inadai nyutoni 200. Faida yake ni kugeuza uelekeo. Badala ya kuinama juu ya mdomo wa kisima na kuvuta kuelekea juu, mchotaji husimama wima na kuvuta kuelekea chini, akisaidiwa na uzito wa mwili wake mwenyewe.

Hali hubadilika roda inapofungwa kwenye mzigo wenyewe. Hapo mzigo hubebwa na sehemu mbili za kamba, na kila sehemu huchukua nusu. Roda mbili juu na mbili chini huugawa uzito katika sehemu nne, na mvutaji hulazimika kuvuta mita 4 za kamba kwa kila mita 1 ya kupanda. Mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki wamelijua hilo kabla ya vitabu vya fizikia kuwafikia. Foromali ya jahazi, ule mti mrefu unaobeba tanga, hupandishwa kwa henza inayopita katika kapi yenye magurudumu kadhaa, na idadi ya mabaharia wanaohitajika kwenye kamba hutegemea idadi ya magurudumu hayo.

Njia nyingine ya kisima ni roda kuondolewa na mahali pake kuwekwa gogo la duara lenye mkono wa kuzungushia. Hilo ni gurudumu na ekseli. Mkono wa sentimita 40 ukizungusha gogo lenye nusukipenyo cha sentimita 10, ndoo ile ya nyutoni 200 hupanda kwa jitihada ya nyutoni 50, kazi ambayo hata mtoto au mzee anaweza kuifanya bila kuumia.

Hila ya pipa

Kabla ya kuacha mteremko na kamba, kuna mbinu moja ya wapakiaji ambayo inastahili kuelezwa, kwa sababu inaunganisha mashine mbili kwa gharama ya mbao mbili na kamba moja. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli hukaribia kilo 190. Watu wanne wakilinyanyua, kila mmoja huchukua karibu kilo 48, na mmoja akiteleza wengine watatu wako hatarini.

Mbinu yenyewe ni hii. Mbao mbili za mita 3.6 huegemezwa kwenye lori. Ncha mbili za kamba hufungwa juu ya lori, kamba hushushwa, hupitishwa chini ya pipa lililolazwa ubavu, kisha hurudishwa juu kwa wavutaji waliosimama ndani ya lori. Wakivuta, pipa hujiviringisha lenyewe na kupanda.

Mteremko unapunguza nyutoni 1,900 hadi theluthi moja, kama 633. Pipa nalo, kwa kuwa limekaa ndani ya kitanzi cha kamba, linafanya kazi ya roda inayosogea, hivyo kani inagawanyika tena kwa mbili na kubaki nyutoni 317. Wavutaji wawili wanagawana, na kila mmoja anatoa kiasi cha nyutoni 160, sawa na kunyanyua mzigo wa kilo 16. Hakuna anayekaa chini ya pipa. Kwa kila mita 1 ya ubao wanavuta mita 2 za kamba, jumla mita 7.2, na kazi inabaki jouli 2,280 kama ambavyo ingekuwa kwa watu wanne.

Msuguano: riba ya kila mashine

Hesabu zote zilizotangulia zimeacha jambo moja ambalo kila mchukuzi analijua. Gunia haliteleza kwa hiari yake juu ya ubao. Kati ya nyuso mbili zinazogusana kuna msuguano, ambao kanuni zake za msingi zilitangazwa na Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699: huongezeka kadiri nyuso zinavyokandamizana, wala hautegemei sana ukubwa wa eneo linalogusana.

Kwa gunia la katani juu ya mbao kavu, msuguano unaweza kufikia asilimia 40 ya kani inayolikandamiza gunia kwenye ubao. Katika mfano wa kwanza hapo juu, hiyo ni nyutoni 377 za ziada. Jitihada halisi inapanda kutoka 333 hadi nyutoni 710, na kazi inayofanyika ni zaidi ya jouli 2,500 ili kupata jouli 1,200 zenye manufaa. Ufanisi wa ubao basi ni asilimia 47 tu. Nusu nyingine imegeuka kuwa joto.

Yaani mpakiaji anayeburuta gunia kwenye ubao hufanya kazi mara mbili ya anayelinyanyua, ingawa kani yake ni ndogo zaidi. Wapo wanaouacha ubao kwa sababu hiyo, wakiona unawachosha na kuwachelewesha. Dawa yake ni gurudumu. Gunia likiwekwa juu ya kitoroli cha magurudumu mawili chenye kilo 20, jitihada kwenye ubao ule ule hushuka hadi kiasi cha nyutoni 430, na sehemu kubwa ya kazi inayofanyika sasa inakwenda kwenye mzigo.

Siri ya gurudumu ni kwamba haliondoi msuguano, bali hulihamishia kwenye ekseli, ambako umbali wa kusuguana ni mfupi. Gurudumu la nusukipenyo cha sentimita 30 lenye ekseli ya sentimita 1.5 husafiri mara 20 ya umbali ambao chuma cha ekseli kimejisugua. Grisi hufanya yaliyobaki. Kwenye mchanga au tope hali ni tofauti, maana gurudumu huzama na kila hatua ni sawa na kupanda mlima mdogo usiokwisha.

Hata hivyo, msuguano si adui wakati wote. Parafujo ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo, na jeki ya skrubu inayobebwa ndani ya magari ni mfano wake. Kila mzunguko mmoja wa mkono huinua gari kwa milimita chache tu, na kwa hesabu jeki hiyo ingeweza kuzidisha kani mara mamia. Kwa kweli huzidisha kwa kiwango kidogo zaidi, kwa sababu msuguano humeza zaidi ya nusu ya kazi. Lakini msuguano huo huo ndio unaoizuia jeki isijifungue na kumwangushia gari fundi aliyelala chini. Parafujo isiyorudi nyuma yenyewe lazima iwe na ufanisi ulio chini ya asilimia 50. Jeki yenye ufanisi mkubwa kuliko huo ingehitaji kufuli.

Kabari nayo hutegemea msuguano ili isichomoke. Shoka, patasi na msumari ni kabari. Kadiri inavyokuwa ndefu na nyembamba, ndivyo inavyopasua kwa kani ndogo, na ndivyo inavyohitaji kupigwa kwa safari ndefu.

Mkokoteni mlimani

Mkokoteni wa magurudumu mawili ni nyenzo na gurudumu kwa pamoja. Mzigo ukipangwa ili kitovu chake kiwe karibu na ekseli, mpini unabaki mwepesi. Ukiwekwa mbele mno, mvutaji anabeba. Ukiwekwa nyuma mno, mpini unamnyanyua yeye.

Hatari kubwa iko kwenye mwinuko. Mkokoteni na mzigo wa jumla ya kilo 500, katika barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 20, hudai nyutoni 250 zaidi ya zile za barabara tambarare. Wakati wa kupanda, wasaidizi wawili hutosha. Wakati wa kushuka, nyutoni 250 hizo hizo humsukuma mvutaji kutoka nyuma, naye hana breki isipokuwa nyayo zake. Baadhi hufunga tairi chakavu nyuma ili liburuzwe chini, wakiutumia msuguano kama breki, na hilo ni suluhisho la kifizikia lisilo na kasoro.

Mwinuko huo wa hesabu una upande mwingine unaosahaulika na wajenzi. Kwa njia za viti vya magurudumu, kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni kupanda mita 1 kwa kila mita 12. Mtu na kiti chake wakiwa na kilo 90, jitihada inayohitajika ni nyutoni 75 pamoja na msuguano. Njia ikijengwa kwa mita 1 kwa kila mita 4, kama inavyoonekana katika majengo ambayo njia hiyo iliongezwa mwishoni kwa kubanwa na nafasi, jitihada inazidi nyutoni 220, na wengi hawawezi kuipanda bila kusukumwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inagusa haki ya kuyafikia majengo ya umma, lakini njia isiyopandika haimfikishi mtu popote.

Nyenzo iliyo mgongoni

Mtu anapoinama kunyanyua mzigo kutoka chini, mwili wake wote wa juu unakuwa nyenzo ya daraja la kwanza. Egemeo ni pingili za chini za uti wa mgongo. Misuli inayounyoosha mgongo ipo karibu sana na egemeo hilo, takribani sentimita 5 nyuma yake. Mzigo ulioshikwa mbele ya magoti uko mbali, kama sentimita 40.

Mzigo wa kilo 50 ukishikwa hivyo, misuli hulazimika kuvuta kwa nyutoni 4,000, bila kuhesabu uzito wa kichwa, mikono na kifua ambao nao unaning'inia mbele. Kani hiyo yote huzikandamiza gegedu zilizo kati ya pingili. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hutumia nyutoni 3,400 kama kiwango ambacho mgandamizo wa uti wa mgongo ukikipita hatari ya madhara huongezeka. Kwa msingi huo na mingine, taasisi hiyo iliweka mwaka 1991 kilo 23 kuwa uzito wa juu unaopendekezwa kunyanyuliwa na mtu mmoja, tena katika mazingira bora kabisa. Mzigo huo wa kilo 50 ukivutwa karibu na mwili hadi sentimita 20, kani ya misuli inashuka nusu. Ushauri wa kuchuchumaa na kukumbatia mzigo unatokana na momenti hiyo.

Kubeba kichwani hufuta mkono wa mzigo kabisa, kwa kuwa uzito hushuka moja kwa moja katika mstari wa uti wa mgongo. Watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 1986, akiwamo Geoffrey Maloiy wa Kenya, waliwapima wanawake wa Kiluo na Kikikuyu na kubaini kwamba waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza kwamba mwendo wao unafanana zaidi na wa timazi linalobembea, na hivyo nishati kidogo hupotea kati ya hatua na hatua. Matokeo hayo yanahusu nishati ya kutembea. Shingo bado inabeba uzito wote.

Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 unaokataza mfanyakazi kulazimishwa kubeba mzigo unaoweza kuhatarisha afya yake, na pendekezo lililoambatana nao lilitaja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mtu mzima. Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo imekuwa ikiwataka wakulima na wafanyabiashara kufungasha mazao kwa uzito usiozidi kilo 100, na kupiga marufuku lumbesa. Kenya, kwa upande wake, ilitoa mwaka 2019 kanuni za viazi mviringo zinazoweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko.

Mjadala wa lumbesa umekuwa ukihusu fedha ya mkulima anayepunjwa, na ni haki iwe hivyo. Ni nadra kumsikia mtu akiutaja mgongo unaoibeba lumbesa hiyo kutoka ghalani hadi kwenye lori. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kikomo cha mwaka 1967. La kilo 50, likiwekwa juu ya kitoroli na kupandishwa kwenye ubao wa mita 3.6, hudai kani isiyozidi sana nyutoni 250, sawa na kunyanyua ndoo moja ya maji iliyojaa na nyingine yenye robo.